Usingizi Mtamu Kuliko wa Ng'ambo

Ninyi vijana mnaobaki kwenye benchi za nyuma baada ya misa na kunong'ona kuhusu nyumba za kupanga Gisenyi, ng'ambo ya mpaka, nimewasikia. Masikio yangu yamechoshwa na nyundo, lakini hayajafa. Jumapili iliyopita mmoja wenu aliniuliza mbele ya wenzake, kama mtu anayemtega mzee: "Muzee, weye ulifanyaka kazi pande zote mbili. Maisha mazuri iko wapi, hapa ao kule?" Nilicheka, nikamwambia anisaidie kwanza kupanga viti. Sasa nawajibu kwa kalamu, kwa sababu jibu langu ni refu, na ndani yake kuna jambo ambalo sipendi kulisimulia kwa sauti.

Nilikuwa mchimbaji wa mashimo ya vyoo. Chekeni tu, hata mke wangu alicheka siku ya posa. Lakini mtu wa mashimo anazijua nchi kwa namna ambayo msafiri hazijui. Yeye huingia nyumba kwa mlango wa nyuma, na huko nyuma hakuna anayejipamba. Ng'ambo, upande wa Gisenyi, nilichimba udongo mwekundu unaokatika kama ugali wa jana. Hapa kwetu nilichimba mwamba ambao mlima wetu wa moto ulitutapikia. Mwamba huo unauwashia moto mpaka uwe mwekundu, unaumwagia maji baridi, unapasuka kidogo, kisha unausihi kwa baramina, ile fimbo ndefu ya chuma, mpaka mabega yakatae. Nikirudi jioni kutoka ng'ambo mke wangu alinijua kwa rangi ya suruali. "Leo ulikuwa kwa matajiri," alikuwa akisema, "uko mwekundu."

Aliyenifundisha kazi alikuwa Muzee Paluku, Mprotestanti mwenye sauti ya tarumbeta. Sheria yake ya kwanza ilikuwa hii: aliye shimoni aimbe. Asinyamaze hata kama amechoka, hata kama hajui wimbo. Wa juu anashika kamba na kusikiliza, na wimbo ukikatika, anavuta bila kuuliza. Mimi Mkatoliki nilikuwa na nyimbo zangu, naye akilalamika kutoka juu: "Hizo zenu ni fupi sana, kila saa nadhani umekufa!"

Siku moja tulikuwa tunachimba Gisenyi, nyuma ya nyumba yenye bustani iliyonyolewa vizuri kuliko kichwa changu. Paluku yuko chini anaimba. Akaja jirani, mtu mpole mwenye viatu safi, akaniuliza kwa heshima kama tuna msiba, na kama tunaweza kulia kwa sauti ndogo. Nikamwinamia Paluku shimoni kumpa ujumbe. Akajibu: "Mwambie nikinyamaza ndipo msiba utaanza." Mwisho walikubaliana agonge jembe kwa jiwe badala ya kuimba. Alifanya hivyo kutwa nzima, na akatoka na hasira kubwa kuliko nilivyowahi kumwona nayo. "Nchi nzuri," alisema tulipokuwa tunarudi barieri, kwenye kituo cha mpaka, "lakini mtu hawezi kufia ndani yake kwa sauti."

Kwa hiyo sitawadanganya kuhusu ng'ambo. Maji yanatoka kwenye bomba ukilifungua. Taa za barabarani zinawaka, na mtu wa pikipiki anakupa kofia kabla hujapanda. Hata mfuko wa plastiki hauvuki: nilinyang'anywa wangu barierini siku zangu za kwanza, nikabeba mihogo yangu ya mchana ndani ya kofia, na watoto wakanisindikiza. Kwetu kuna vumbi jeusi, madumu ya maji kichwani, na umeme unaokuja kama mgeni asiyependa kukaa. Lakini ukianguka njiani kule atakuja askari. Ukianguka hapa Mabanga watakuja watu wote, wakupepee, wakuombee, na mmoja aondoke na kiatu chako. Nawashukuru wote, hata yule wa kiatu. Alinipepea kwanza.

Lakini swali lenu lilikuwa maisha mazuri, na ninaposikia maneno hayo mimi sifikirii taa wala bomba. Nafikiria usingizi wa bibi mmoja, Koko Verediana.

Mtu asiye wa hapa lazima nimweleze jambo moja. Mji wetu unapumua. Mlima unatoa moto kwa juu, na chini, kwenye mabonde madogo ya mawe, unatoa hewa isiyo na rangi tunayoiita mazuku, upepo mubaya. Ni nzito kuliko hewa tunayoivuta, kwa hiyo haipandi. Inatambaa, inatafuta mahali pa chini, inajaa pale kama maji kwenye beseni. Alfajiri, kabla ya jua na upepo, ndipo inakuwa nyingi. Haichomi wala haitoi kishindo. Mbuzi anainama kula majani na anabaki ameinama. Anayekimbia kumwokoa anainama kando yake. Ndiyo maana Paluku alishusha kwanza mshumaa ndani ya kopo, akitazama kama mwali unaishi, na ndiyo maana tuliimba.

Papa Furaha alikuwa mwuza vitenge, mtoto wa milima ya Masisi kama mimi. Alikuwa amepanga Gisenyi miaka mingi pamoja na mkewe, binti yao Furaha, na mama yake mzazi, Koko Verediana. Mwishowe alipata kiwanja chake mwenyewe mbele kidogo ya mtaa wa Ndosho, kwenye mteremko, akajenga. Alijenga kama mtu aliyeona pazuri na kuapa kwamba hatapungukiwa tena. Nyuma ya nyumba kulikuwa na kibonde. Akaleta udongo kwa lori, akapanda majani laini kama yale ya barabara ya ziwani kule ng'ambo. Kando yake akamjengea mama chumba, chini kidogo kuliko nyumba, ili mlango ufunguke moja kwa moja kwenye majani na bibi asipande ngazi. Kisha akazungusha ukuta. Kule walikuwa na ua wa miti tu, lakini huku kuna wezi, kwa hiyo ukuta ulikuwa wa mawe, mrefu, kila ufa umezibwa kwa saruji. Panya asingepita.

Aliniita nitazame mahali pa shimo la pili. Nilifika asubuhi mapema, jua halijavuka ukuta.

"Tumsifu Yesu Kristo, muzee."

"Milele na milele, amina. Mumeamka?"

"Tumeamka, ila mama. Mama bado!" Akacheka, uso wake ukang'aa. "Unakumbuka ginsi alikuwa kule? Alikuwa halale. Usiku muzima anatembea na rozari ndani ya nyumba. Dokta alimupatia vidonge, bure. Hapa analala mupaka jua inapanda. Bantu banasema ng'ambo njo kuko maisha. Maisha ni nini, muzee, kama mama yako halale?"

Nilimpongeza kwa moyo wote. Nani asingempongeza?

Mkewe, Mama Furaha, alikuwa akipuliza makaa kwenye mbabula. Alinisalimu bila kuinua macho. Mumewe alipoingia ndani, akasogea karibu.

"Muzee, weye ni mutu wa kanisa. Nikuulize."

"Uliza, mama."

"Kuku zetu zilikufa. Paka alikufa. Furaha anaamka na kichwa kinamuuma, siku zingine anatapika. Lakini mukecuru, mama mukwe, yeye anaamka anacheka." Alitazama kuelekea kile chumba cha chini. "Majirani banasema kuna mutu anakula bengine ili yeye anone. Mimi siamini bulozi. Lakini banasema."

Nilimwambia asiseme neno hilo tena, wala jirani asilitie mdomoni mwake, kwa sababu neno hilo limewaua bibi wengi wasio na kosa. Nikamwambia tutasali. Kisha nikachukua jembe, nikashuka nyuma.

Yalikuwa majani mazuri kweli. Lakini niliposhuka hatua ya mwisho nilisikia kitu, yaani nilisikia kwamba sisikii kitu. Juu, njiani, pikipiki zilikuwa zinapita na mwuza mkate anaita. Hapa chini hapakuwa na nyenje, hapakuwa na nzi. Hata sisimizi hawakuwapo. Kando ya ukuta, kwenye pembe ya chini kabisa, udongo ulikuwa laini kama umeguswa mara nyingi. Nikapiga jembe hapo. Jembe likatoa kifurushi cha jani la mgomba.

Nikakifungua. Ndani alikuwemo ndege mdogo, mabawa yamekunjwa vizuri, hana jeraha. Nikafukua kando. Kifurushi kingine: ndege. Kingine: mjusi. Vilikuwa vimelazwa kwa mstari, vichwa vyote upande mmoja, kama watu makaburini. Wa nyuma walikuwa mifupa tu. Wa mbele alikuwa bado laini mkononi mwangu.

Sitaficha, wazo la majirani lilipita kichwani mwangu pia. Nilifanya ishara ya msalaba. Ndipo nikahisi miguu yangu ina joto, kama nimesimama ndani ya maji ya kuoga, na puani kitu kinachoma kidogo, kama mtu aliyekunywa limonadi kwa haraka.

"Uwaache balale, mutoto wangu."

Koko Verediana alikuwa amesimama mlangoni kwake, mdogo, amejifunga kitenge, anatabasamu kama mtu aliyetoka sherehe.

"Koko, nani alizika hawa?"

"Ni mimi. Asubuhi nabakuta kwa majani, balianguka. Nabaokota mapema, muke wa mutoto wangu asibaone. Akibaona ataogopa, na tutarudi kule."

"Na kule kuna ubaya gani?"

"Kule hakuna ubaya. Ni safi, ni kimya. Unalala macho wazi, unasikia ukimya inatembea ndani ya nyumba. Siku mutu anabisha hodi, ni mutu wa kazi, si wa kusalimia. Hapa Mungu ananilalisha Yeye mwenyewe."

Nilimwomba ruhusa niingie chumbani kwake na mshumaa. Alidhani nataka kubariki chumba, akafurahi, akapiga goti.

Koko hakuwahi kukubali kitanda. Kwao Masisi alilala juu ya mkeka, karibu na ardhi, na alisema mzee anayepanda juu anajidai. Mwanawe alikuwa amemjengea jukwaa jembamba la saruji, kimo cha shubiri tu, na mkeka ukatandikwa hapo. Niliwasha mshumaa nikiwa nimesimama. Uliwaka vizuri. Nikainama, ukashuka mpaka magotini, ukawaka bado. Nikaushusha taratibu mpaka ulipofika sawa na mto wake wa kulalia, na mwali ukaanza kurefuka na kutetemeka, kama unasikiliza. Chini ya hapo, kando ya jukwaa, ulizimika. Haukupulizwa. Ulizimika kama umebanwa kwa vidole viwili.

Nikawasha tena, nikashusha tena. Palepale.

Vijana, niliona kama ninavyoona karatasi hii. Chumba kilikuwa kimejaa maji yasiyoonekana, na bibi huyu alikuwa analala usiku wote na pua yake juu kidogo ya uso wa maji. Mvua zikija, mazuku yangepanda. Yasingehitaji kupanda sana.

"Koko," nilimwambia, "usiku unasikia nini kifuani?"

"Mukono." Aliweka kiganja chake juu ya moyo. "Mukono unanilalia hapa polepole, kama mama anatuliza mutoto. Nilimwomba Bwana kifo kizuri, si cha kulia. Nilisema: basi amesikia."

"Mimi pia mkono huo ulinishika shimoni. Ni mtamu. Nilinyamaza, nikaona hata kuimba hakuna haja. Aliyenivuta juu nilimtukana."

Alikaza kitenge chake. "Sasa ju ya nini unataka kunivuta mimi?"

Miaka yote nilifundisha katekisimu. Nilisema tu kwamba Bwana akija kumchukua atamwita kwa jina lake, hatamnyatia kuanzia miguuni. Hakuonekana kuridhika.

Nikamwita Papa Furaha. Alikuja akitabasamu, akaona mshumaa ukizimika, tabasamu likabaki usoni lakini macho yakaondoka. Alikuwa mtoto wa hapa, hakuhitaji kuelezwa.

"Hapana," alisema. "Mazuku iko kule chini kwa ziwa. Hapa haiko."

"Ilikuwa inapita hapa kwenda chini. Ukuta wako umeizuia. Tutoboe pembe ile."

"Nitoboe ukuta? Muzee, unajua wezi ba hapa? Kule nililala na ua ya miti, hapa unataka nilale na tundu?"

"Weka vyuma ndani ya tundu. Na mama apande alale juu, leo."

"Mimi sipande," Koko alisema, na akaketi juu ya mkeka wake kama malkia. "Mutoto wangu, uliniletea kule, nikakaa miaka bila kulala, sikusema kitu. Uliniletea huku, nikalala. Sasa munataka kuniamusha? Niko na umri gani? Muniache na kifo yangu."

Papa Furaha alipiga magoti mbele yake. Alimsihi kwa Kinyarwanda cha kwao Masisi, alimsihi kwa Kiswahili, alilia. Yeye alimpangusa machozi kwa ncha ya kitenge na hakusogea. Mimi nilitaja watakatifu. Mama Furaha alikuwa amesimama mlangoni, mkono mdomoni. Nadhani alikuwa akifikiria yale aliyokuwa amenong'ona.

Furaha alipenya kati ya miguu ya mama yake. Alikuwa bado na nguo ya kulalia, uso umevimba, jicho moja limefumbwa kwa maumivu ya kichwa. Alitutazama sote, akaona nyanya yake anagombezwa, akataka kumtetea.

"Muache Koko. Hapa ni pazuri. Mimi pia nalalaka hapa."

Papa Furaha akageuka, bado amepiga magoti.

"Wapi, mutoto wangu?" baba yake aliuliza. "Unalalaka wapi?"

"Kama nyinyi munalala, nashuka kwa Koko. Nasikia joto kwa miguu. Koko hajue, amelala sana; kichwa kikianza kuuma narudi juu." Akaonyesha. "Hapa."

Alionyesha sakafu, kando ya jukwaa, kwa sababu mkeka ulikuwa mwembamba kwa wawili. Alionyesha mahali palepale mshumaa ulipozimikia.

Koko Verediana aliinama. Alitazama ile sakafu, kisha mikono yake, ile iliyokuwa ikifunga ndege kwenye majani ya mgomba kila asubuhi. Aliisugua kwa kitenge, kwa nguvu, kama ina kitu. Kisha akasimama, akakunja mkeka wake mwenyewe, akauweka kichwani, akamshika mtoto mkono, akapanda nao ngazi. Hakugeuka nyuma. Kwenye ngazi ya juu alisimama kidogo kutafuta pumzi, na nikasikia anamwambia yule mtoto: "Usikae nyuma yangu. Pita mbele, nikuone."

Papa Furaha hakuniomba ushauri tena. Alichukua nyundo yangu kubwa, akapiga pembe ya ukuta wake mzuri, akiwa na shati lake la kwenda dukani, mpaka jiwe la chini likatoka. Upande wa pili kulikuwa na mwamba mtupu unaoteremka, hakuna nyumba. Nilishika mshumaa mbali na tundu, kwa mkono mrefu. Mwali ukalala kuelekea ukutani, kama jani linalochukuliwa na mto. Hatukusikia sauti yoyote. Lakini mjusi aliyekuwa anaota jua nje, chini ya ukuta, aliinua kichwa, akatutazama, kisha akageuka taratibu, tumbo juu.

Mama Furaha alizika mjusi huyo mwenyewe. Majirani walipouliza tena, alisimama njiani akawaeleza mazuku kwa sauti ya kusikika mpaka Ndosho, na akawaalika waje na mishumaa. Chumba cha chini sasa hakina mtu wala kuku. Ndani yake wamejaza mawe. Mimi nilichimba shimo la choo juu, upande wa barabara, mahali pabaya na pagumu, na nililiimbia kila siku, watoto wa mtaa wakichagua nyimbo.

Vijana, pangeni mnapotaka. Siwezi kuwapimia nchi. Nimewaambia nilichoona ndani ya nyumba ya mtu aliyetaka mema tu, aliyebeba uzuri wa upande mmoja na kuujenga upande mwingine bila kuuliza ardhi.

Bado napita pale asubuhi nikienda misa. Koko Verediana huwa amekaa barazani, macho mekundu, na Furaha yuko pembeni anakunywa uji.

"Koko, mulilala?"

"Sikulala hata kidogo! Kitanda inalia, pikipiki inalia, mulevi anapita na radio, na huyu mutoto ananipiga mateke mupaka asubuhi."

"Tumshukuru Mungu."

"Mungu ya nini? Nakuambia sikulala!"

Furaha hucheka mpaka uji unamwagika. Kisha, mtoto akiingia ndani kutafuta viatu, bibi hunivuta mkono, anashusha sauti ili mkwewe asisikie.

"Lakini ile usingizi, muzee," hunong'ona, na macho yake yanatelemka yenyewe kuelekea nyuma ya nyumba. "Ile usingizi ilikuwa mutamu."

Namsaidia kusimama, nageuza kiti chake kitazame barabara, na ninakaa naye hapo mpaka mtoto arudi.